Mama Alipojifungia Bafuni

Mama alikataa kupokea funguo kabla hajaiona nyumba kwa macho yake mwenyewe. "Siuziwi mbuzi kwenye gunia," alituambia, ingawa wanunuzi tulikuwa sisi wanawe. Nyumba yetu ya zamani ilikuwa imebomolewa ili barabara ipite, na kwa muda mrefu alikuwa akiishi kwangu, akilalamika kwamba sufuria zangu ni nyepesi.

Basi tukaenda watatu: yeye, mimi, na kaka yangu tunayemwita Kipara tangu nywele zake zilipomtoroka. Nyumba ilikuwa ghorofa ya tatu, bado inanuka rangi. Kijana wa kampuni, mwenye kofia ngumu ya njano, alitupokea mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, tuoneshe."

Kaka alipita akigonga vigae kwa sarafu. Kimoja karibu na jiko kilitoa sauti ya debe tupu. Mimi nilichomeka chaja ya simu katika kila soketi, na ya chumbani haikuwa na umeme. Kijana akaandika. Mama alijaza sinki maji, akayaachia, akainama kutazama chini kama panavuja. Hapakuvuja. Kisha akasimama katikati ya jiko, akageuka huku na huku.

"Jiko hili hata kugombana na mtu huwezi," alisema. "Hakuna nafasi ya kushika kiuno."

Akaingia bafuni, akafunga mlango, akazungusha kitasa ili akijaribu. Tulisikia ta! Halafu tukasikia akikitikisa.

"Hakifunguki!"

Kijana akavuta mpini kwa nje, ukamng'okea mkononi. Akautazama, akatutazama, akashuka ngazi mbio kumtafuta fundi.

"Mama, sogea nyuma, niupige teke," kaka alisema.

"Thubutu! Mlango mpya?"

Mara tukasikia sauti yake mle ndani, anaimba polepole wimbo wa kubembelezea mtoto, nusu maneno, nusu mvumo wa puani.

Tulitazamana na kaka. Bafu la nyumba yetu ya zamani lilikuwa uani, na mlango wake haukuwa na komeo. Ukiingia, uliimba, ili mwingine asije akakuvamia ukiwa na sabuni machoni. Kila mtu alikuwa na wake. Wimbo wa mama ulikuwa huo huo. Baba alipiga mluzi, hovyo kabisa, hata kuku wakakimbia. Kaka, ambaye hakujaliwa sauti, alikuwa akikariri hesabu za kuzidisha, na ndiyo sababu hadi leo hashindwi na mwenye duka.

Kaka akaukaribia mlango, akagonga kwa vidole kama zamani. "Mama, toka! Nimebanwa!"

Tulicheka hadi tukakaa sakafuni. Mama naye alikuwa akicheka kule ndani.

"Lakini mama," nikasema nikijifuta macho, "tulikuwa na dhiki. Hata komeo la bafuni lilitushinda."

Kicheko chake kikakatika.

"Nani kakwambia lilitushinda? Komeo lilikuwepo. Wewe ndiye uliyejifungia, hata kusema ulikuwa hujui sawasawa. Ulilia hadi sauti ikakauka, kisha ukanyamaza. Ule ukimya, mwanangu, usiniulize. Baba yako aliuvunja mlango kwa bega. Alikukuta umelala usingizi, umeegemea ndoo. Alipoutengeneza tena, akaling'oa komeo kwa koleo na kulitupa. Akasema kwake hakuna mtoto atakayelia nyuma ya mlango. Ndipo tukaanza kuimba."

Nilimkumbuka baba na mluzi wake mbovu. Miaka yote ile niliona aibu kuwaleta rafiki zangu nyumbani kwa sababu ya mlango ule.

"Mbona hamkuniambia?"

"Ungeogopa milango."

Kaka alinishika bega. Tukakaa hivyo hivyo, tumeegemea mlango, mama upande wake na sisi upande wetu, hadi fundi alipokuja na bisibisi akafungua.

Mama alitoka akijipangusa jasho. "Bafu ni zuri," alisema. "Maji yanateremka vizuri."

Kijana aliomba radhi mara nyingi. "Yaishe, mwanangu," mama alimwambia. "Lakini funguo sipokei leo. Tengenezeni kwanza."

"Kitasa cha bafuni kiondolewe kabisa," kaka alisema.

"Hapana. Wekeni kizuri." Mama alikuwa akitazama sebule tupu. "Nyumba ya kuimbiana inataka watu. Mimi nitakuwa peke yangu."

Wiki iliyofuata tulirudi. Soketi ilikuwa na umeme, kigae kimebadilishwa, kitasa kinafunga na kufungua bila kelele. Mama akakijaribu, mlango ukiwa wazi, kisha akapokea funguo. Akatutuma dukani tukanunue ufagio, eti nyumba haihamiwi ikiwa na vumbi la mafundi. Tuliporudi, tulimkuta kwenye kibaraza cha pamoja cha ghorofa anabishana na mwanamke wa nyumba ya jirani, mtu asiyemjua kabisa, kuhusu nani aanike nguo upande wa jua. Alikuwa ameshika kiuno.