Kinanda Kilichopimwa kwa Baiskeli

Kwaya ilikuwa na vinanda viwili na safari moja. Ijumaa treni ingeondoka Mpanda kwenda Tabora, na huko wangerekodi kaseti yao ya kwanza. Immaculata, mwalimu wa kwaya na mpiga kinanda wake, alitaka kiende kinanda kipya. Mwenyekiti wa kwaya, Mzee Malale, alisema kwanza vipimwe.

Kupima, kwa Malale, kulikuwa na utaratibu wake. Kinanda kiliunganishwa na spika ya honi iliyofungwa juu ya paa la kanisa, ile ya kuitia watu kwenye mkutano wa injili. Halafu Aloyce wa sauti ya nne alipanda baiskeli akashika njia ya Mwamkulu, akaenda mpaka muziki ulipomwishia masikioni. Kilichofika mbali zaidi ndicho bora. Kwa kipimo hicho kinanda chao cha pili kilikishinda cha kwanza mwaka 1989, na siku hiyo walipatia kwa bahati tu.

Kile cha kwanza, kilichoachwa siku hiyo, kilikuwa na tarumbeta, filimbi na fidla, na zote zilikuwa mlio mmoja: nyuki ndani ya kopo. Cha pili, ambacho sasa ndicho cha zamani, kiliunda sauti kwa ustadi zaidi. Kengele zake zilikuwa kengele kweli, ila ngoma zake ziligonga kama kijiko kwenye sufuria. Hiki cha tatu, kipya, hakikuunda kitu. Waliokitengeneza walimketisha mpiga tarumbeta mbele ya kipaza sauti, wakairekodi pumzi yake na kuihifadhi ndani. Ukibonyeza, unaipata pumzi ile ile. Mkono wa kushoto ukishika kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, gitaa la besi linatembea chini kama mtu mzima anayejua anakokwenda.

Kwenye honi hayo yote yalipotea. Honi haitoi besi. Inachojua ni kupiga kelele.

Aloyce alirudi shati limelowa. "Cha zamani nimekisikia mpaka kwa kina Manyanda. Kipya kimenifia hapo kwenye mashine ya kusaga."

"Mwalimu, kinanda chako hakijala?" Tereza wa sauti ya kwanza aliuliza, na wenzake wakacheka. "Kinalia kama mtoto wa surua."

"Hamjakisikia kinanda," Immaculata alisema. "Mmeisikia honi."

"Tumesikia tulichosikia, ng'wanawane," Malale alisema kwa upole, kama anayemtuliza mwanawe. "Kinaenda cha zamani."

Immaculata alitoa hedifoni akamvika mzee kichwani. Malale alisikiliza amefumba macho, akazivua.

"Naona nasikia peke yangu. Muziki wa mtu mmoja ni muziki gani huo?"

"Mzee, tunakorekodi hakuna honi. Kuna kaseti, na kaseti inasikilizwa kwenye redio."

"Redio nayo ina spika. Spika ni spika."

Immaculata alikuwa amefundisha fizikia miaka sita na alijua sura ya mtu ambaye maelezo hayamwingii tena. Alikibeba kinanda hadi dukani kwa Lukmani, aliyeuza kaseti na kuzirudufu kwa redio kubwa yenye spika mbili.

"Dada Imma, mimi Muislamu," Lukmani alisema huku akitafuta waya. "Usije ukanisajili kwaya."

"Nirekodie wimbo mmoja. Sauti huna, usiogope."

Alipiga, Lukmani akarekodi. Kisha Immaculata alimwita Malale, ambaye alikuja na nusu ya kwaya nyuma yake, na Lukmani akabonyeza. Muziki uliijaza barabara. Muuza nyanya wa jirani alianza kutikisa bega bila kujua. Malale alisimama, uso ukizidi kukunjamana.

"Nani huyo?"

"Nani yupi, mzee?"

"Huyo wa gitaa la besi! Umemtoa baa gani? Nyimbo za Bwana unampigisha mtu wa dansi?"

"Hakuna mtu."

"Namsikia!"

"Mimi nilikuwepo, mzee wangu," Lukmani alisema. "Alikuwa peke yake."

"Wewe nyamaza, yawezekana ni binamu yako."

Immaculata alivuta pumzi. Walikuwa wamekikataa kinanda kwa kuwa kibaya mno, na sasa kilikataliwa kwa kuwa kizuri mno. Alichomeka waya kwenye redio, akawasha midundo, akashika kodi kwa mkono wa kushoto. Besi ikatembea. Akainua mkono; ngoma zikaendelea, besi ikakoma. Akashusha, ikarudi.

"Weka mkono wako," alisema.

Malale aliangalia nyuma ya kinanda, kisha chini ya meza. Mwishowe aliweka vidole vitatu mahali alipoonyeshwa. Besi ilitembea. Aliinua, ikakoma. Alirudia, na tena, mpaka Tereza akasema, "Mzee, tuachie na sisi," naye hakumwachia.

"Basi," alisema, vidole bado viko pale. "Kwenye kaseti kiende hiki."

"Asante, mzee."

"Na cha zamani nacho kiende. Tabora tumealikwa mkutano wa nje, na nje ni honi. Kwenye honi hiki chako hakifai. Wewe mwenyewe ndiye uliyesema."

Immaculata aliitafuta kasoro katika hoja ile, akaikosa. Kwenye honi, mlio mkavu wa kinanda cha zamani ulikuwa bora, na Aloyce alikuwa ameliona hilo kwa miguu yake. Vinanda viwili, basi, na mpiga kinanda mmoja.

"Atavibeba nani?" aliuliza.

Kwaya nzima ilikuwa imekizunguka kinanda, kila mmoja akingoja zamu yake ya kubonyeza. Hakuna aliyemsikia.