Madoa ya Upande Mmoja

Sikuona kwamba mdogo wangu hakuwa ameuinua mkono wake wa kulia tangu nilipoingia chumbani. Mengine yote niliyaona: kabati lililofumuka, magauni ya kabla ya ujauzito yaliyobanana na yale ya ujauzito, blauzi zilizorundikwa kitini zikinuka maziwa yaliyochacha. Nikakunja mikono ya shati, nikaanza kazi.

Mimi ni mtu wa mpangilio, na kufundisha chuoni kumenizidishia ugonjwa huo. Juu ya kitanda nikatenga mafungu: nguo za kunyonyeshea, zenye vifungo mbele, za kungoja hadi mwili urudi, za kugawa.

"Dada, hili ni kabati, siyo maktaba," alisema. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amejifunika mtandio mzito, ilhali mimi jasho lilikuwa likinichuruzika mgongoni.

"Na wewe siyo mzigo. Simama ujaribu hii."

"Baadaye."

"Baadaye ni lini? Mtoto akioa?"

Alicheka, kisha cheko likakatika kama uzi. Mumewe, aliyekuwa akizungukazunguka sebuleni na kichanga kinacholia begani, akachungulia mlangoni.

"Shemeji, mwonee huruma. Tangu jana kawa mkali kama pilipili."

"Hebu toka hapo, wewe!" mdogo wangu akamfokea.

Nilidhani anauonea haya mwili wake mpya. Nikamsogelea na blauzi mkononi.

"Inua mikono."

"Niache."

"Ni nguo tu, jamani."

"Nimesema niache!"

Sauti yake ilinipiga kama kofi. Hata kule sebuleni nyayo zilisimama.

Kwa hasira ya kimya nikaligeukia rundo la kitini, nikawa nazitandaza nguo moja moja ili nijue ipi ya kufuliwa na ipi ya kutupwa. Blauzi ya kijani ilikuwa na doa la maziwa kifuani, upande wa kushoto. Ya maua, kushoto. Gauni la kulalia, kushoto pia. Upande wa kulia zote zilikuwa kavu na safi, kana kwamba zilivaliwa na mwanamke mwingine.

Nikamkumbuka utotoni mwake, alipotembea na kidole cha mguu kilichovunjika hadi kikaunga kombo, kwa kuchelea kuachwa nyumbani siku ya matembezi ya shule. Nikamtazama upya: midomo iliyobabuka, mtandio uliobanwa shingoni, mkono wa kulia uliogandamana na ubavu.

Nikafunga mlango.

"Nionyeshe."

"Usimwambie."

"Nionyeshe, mdogo wangu."

Aliushusha mtandio. Ziwa la kulia lilikuwa limevimba, ngozi imekazwa hadi inang'aa. Nilipolikaribia kwa kiganja, joto lake lilinifikia kabla sijaligusa. Lilikuwa na jipu. Meno yake yalikuwa yakigongana.

"Watanilaza," alinong'ona. "Baba mtoto hutoka kazini usiku. Wakinilaza, mtoto atabaki na nani? Na wakinipasua, je, kama sitanyonyesha tena?"

Jibu la swali la kwanza nilikuwa nalo, nalo lilinitisha: tangu mtoto yule azaliwe sikuwa nimempakata hata mara moja. Nilikuwa hodari wa kumletea vitu.

"Atabaki na mimi," nilisema.

Alinitazama kama anayelikagua daraja kabla ya kulivuka. Kisha akaninyooshea mkono wake mzima, nami nikamvuta akasimama. Nilimwita mumewe, tukamvalisha shati lake pana, kwa kuwa katika mafungu yangu yote hapakuwa na nguo ya kumfaa, tukamkimbiza hospitalini, kichanga mikononi mwangu.

Alipasuliwa siku ileile. Daktari alisema tungechelewa zaidi, sumu ingeenea damuni. Ziwa lile lilibaki na kovu na maziwa haba. Mtoto alikua kwa lile jingine, na kwa chupa nilizojifunza kuzipasha moto.

Siku hizi mdogo wangu hunipigia simu jambo likiwa bado dogo.