Kengele ya Kyoma

Kupe yule aliuchagua ukosi wa Verdiana. Wanawake kumi na wawili walikuwa wameketi sebuleni kwa Kokuhirwa, pale Kanazi, macho wameyafumba. Verdiana, mke wa mwinjilisti, alikuwa akiongoza sala kwa sauti yake ndefu isiyojua kituo, na kupe akawa anapanda ukosi wake mweupe taratibu, kama mtu anayekwenda kwake. Aliyemwona ni Kokuhirwa peke yake, kwa kuwa ni yeye peke yake aliyekuwa amefumbua macho. Alikuwa akiwatazama wageni wake walivyotulia juu ya nyasi zake laini, na moyoni akijisifu.

Kutoka chumba cha ndani ikalia kengele ya mti, ko-ko-ko-ko. Mbwa alikuwa akijikuna.

Verdiana alisema amina, akapeleka mkono shingoni, akamtoa mdudu na kumtazama. Alimbinya katikati ya kucha zake mbili, akajifuta damu kwa leso.

"Naona mbwa wa Mzee bado anaumwa," alisema kwa upole.

Afadhali angetukana. Upole ule ulimwingia Kokuhirwa mpaka kwenye mifupa.

Lazima ieleweke sakafu ile ilikuwa nini kwake. Wako wanawake waliosifiwa kwa sauti ya kuimba, wako waliosifiwa kwa watoto. Kokuhirwa alisifiwa kwa nyasi. Kila Jumamosi, mvua ije jua liwake, alichukua mundu akapanda rweya, ule uwanda wa nyasi juu ya mashamba ambako ng'ombe wa kijiji kizima walilisha. Alikata, akafunga mzigo, akaubeba kichwani, akazitandaza nyasi mpya juu ya zile za zamani. Hakuwahi kuzitoa za chini. Sakafu ilinenepa mwaka hadi mwaka, mguu wa mgeni ukizama kama kwenye godoro, na tangu aolewe na Gamaliel hakuna aliyewahi kuona udongo wa nyumba ile.

Mbwa aliitwa Kyoma, maana yake chuma, na alikuwa wa mkwewe, Mzee Kagaruki. Zamani mzee alikuwa mwindaji. Sasa macho yalikuwa yamefunikwa na ukungu, na alichobakiza cha uwindaji wake ni mbwa huyo na kengele ya shingoni. Kyoma alitangulia, mzee akaifuata kengele: kisimani, kwa jirani, kanisani. Jioni mbwa alijikunja kwenye nyasi, kando ya kitanda cha mzee, akajikuna, na mzee akasinzia akiisikiliza kengele ile ile iliyomnyima Kokuhirwa raha.

Asije mtu akasema mwanamke huyu hakuhangaika. Aliwatoa kupe kwa vidole, mmoja mmoja, wengine wamevimba kama buni mbichi, akawatupa motoni. Alichemsha majani ya tumbaku akamwosha. Wiki moja mbwa alipumua, wiki ya pili kupe walirudi masikioni, makwapani, katikati ya vidole, na ngozi ikatoka magaga. Jioni ya siku ile ya Verdiana, Kokuhirwa alichukua kikombe cha bati chenye picha ya malkia wa Uingereza, walichogawiwa watoto wa shule mwaka ule alipovishwa taji, akakijaza mafuta ya taa. Alimbana mbwa kwa magoti, akammwagia mgongoni, kwenye ngozi iliyokwisha kuchubuka. Kyoma alilia kama mtoto. Kokuhirwa akajaza kikombe tena, akammwagia mara ya pili.

Mara ya kwanza alikuwa akitibu. Mara ya pili hakuwa akitibu. Hilo alilijua palepale, mkono ukiwa bado umeinama.

Gamaliel, aliyekuwa kibarua katika mashamba ya Maruku, aliporudi nyumbani mwisho wa juma alikuta neno limekwisha kuiva. "Ama mbwa, ama mimi," mkewe alimwambia. Gamaliel alikuwa na rafiki yake Muleba, mwindaji aitwaye Datius, na lori la kahawa lilikuwa likishuka kule Jumatatu alfajiri. Alfajiri hiyo, mzee akiwa bado amelala, Kokuhirwa alijipenyeza chumbani, akaishindilia kengele kwa nyasi ili isilie, ndipo akakata kamba yake. Kengele akaificha darini jikoni. Mbwa akatolewa bila sauti.

"Tata," alimwambia mkwewe asubuhi, amepiga magoti, "Kyoma amewafuata wawindaji waliopita."

Mzee alifikiri. "Wawindaji gani hao wasiosalimu?"

"Walikuwa na haraka, Tata."

"Haya," mzee alisema, na hakuuliza tena.

Lakini hakwenda popote tena. Alikaa mlangoni, uso ameuelekeza njiani, mikono magotini. Jumapili ya kwanza alisema goti linauma. Jumapili ya pili hakusema kitu. Kokuhirwa alijitolea kumshika mkono ampeleke kanisani, mzee akatikisa kichwa: mkamwana amwongoze mkwewe njiani, watu wanatazama? Mwanamke alipika ndizi kwa maharage jinsi mzee alivyopenda, akamtengea nyama iliyo laini, na kila alipopokea sahani iliyobaki nusu alihisi amerudishiwa uongo wake. Alitamani mzee agombe. Mzee alimshukuru.

Katika juma la tatu, akimwogesha Georgina, binti yake wa miaka miwili, vidole vyake viligusa kitu kigumu nyuma ya sikio la mtoto. Alikitoa, akakiweka kiganjani. Kikasogeza miguu.

Alisimama na mtoto aliyelowa maji, akijaribu kujidanganya kwamba huyo ni wa mwisho, mabaki tu. Kesho yake alimtoa mwingine kiunoni mwake mwenyewe. Keshokutwa wawili kwa mtoto. Mbwa alikuwa Muleba, mwendo wa nusu siku kwa lori.

Ndipo alipochukua mpini wa jembe akaingia chumba cha mzee, kwenye ile pembe iliyobaki na umbo la mbwa. Akafunua tabaka la juu, kavu, la kunukia. Akafunua la pili. La tatu lilikuwa na unyevu, jeusi, na chini yake, juu ya udongo ambao hakuna aliyeuona kwa miaka, palikuwa na kitu kama ulezi uliomwagika. Ulezi ule ulikuwa unatembea.

Alitoka nje mpaka kwenye mzigo alioukata siku hiyo hiyo, uliokuwa bado umefungwa, akainama. Kwenye ncha za majani walikuwapo kupe, wadogo, miguu ya mbele wameinyoosha hewani wakisubiri mwenye damu apite. Ng'ombe wote wa kijiji walipita rweya. Na yeye kila Jumamosi alikwenda kuwachukua huko, akawabeba kichwani, akawatandikia nyumba. Mbwa ndiye aliyekuwa akiwalisha kwa damu yake ili wasiwafikie wengine, na kwa kazi hiyo alilipwa mafuta ya taa. Kokuhirwa aliketi chini akalia, bila kujificha.

Siku mbili alitoa nyasi. Alizichoma nyuma ya migomba, akafagia, akamwaga maji ya moto, akafagia tena, akanyunyiza majivu. Verdiana alipita njiani akachungulia.

"Mawe! Mama wee! Unatoa nyasi kama penye msiba. Amekufa nani?"

"Hakuna," Kokuhirwa alijibu. "Kupe walikuwa wangu."

Jioni Mzee Kagaruki alinyanyuka mlangoni aingie ndani. Alikanyaga kwa miguu yake mitupu, akasita. Akausogeza mguu mbele, akaupapasa udongo kwa unyayo, kisha upande huu, kisha upande ule.

"Umetoa nyasi."

"Ndiyo, Tata."

"Zote?"

"Zote."

Mzee aliinama, akaugusa udongo kwa kiganja. "Kwa hiyo kupe hawakuwa wa mbwa."

Kokuhirwa alipiga magoti juu ya udongo ule. "Tata, Kyoma hakuwafuata wawindaji."

"Najua. Mbwa akiondoka kwa hiari yake, kengele hulia." Sauti yake haikuwa na ukali. "Mimi ni mzee ninayelishwa na mkono wako, mwanangu. Ningesema nini?"

Gamaliel alipoombwa amfuate mbwa, alikataa. "Nilimpeleka kwa maneno yako. Mrudishe kwa miguu yako." Basi Kokuhirwa alipanda lori la Muleba peke yake, kengele ameifunga kwenye khanga. Datius aliishi nyuma ya maduka, mtu mfupi mwenye maneno machache. Kyoma alikuwa amelala kwenye kivuli. Manyoya yalikuwa yameota, masikio yamekuwa safi.

"Ulimpa dawa gani, waitu?" Kokuhirwa aliuliza kwa heshima.

"Dawa? Sabuni na maji. Kupe nikawatoa, nikampa udongo mtupu alale. Hawakurudi." Datius alijikuna kidevu. "Kilichochelewa ni kile kidonda cha mgongoni. Kile hakikuwa cha kupe. Sikukielewa."

Angeweza kunyamaza. "Ni cha mafuta ya taa," alisema.

"Nani alimmwagia?"

"Mimi."

Datius alimtazama, akaenda kuleta kamba. Ilibidi amfunge mbwa yeye mwenyewe na kumpandisha kwenye lori, maana Kokuhirwa alipokaribia tu, Kyoma alijikunyata mpaka tumbo likagusa ardhi.

Nyumbani mbwa alimwendea mzee kwa mbio hata kamba ikamtoka mwanamke mkononi. Mzee alicheka, akalia, akamshika kichwa, akampapasa shingo, masikio, mgongo. Pale mgongoni, palipobaki kovu lisilo na manyoya, kiganja kilisimama. Kokuhirwa alisubiri. Mzee aliunyoosha mkono mwingine. "Nipe kengele," alisema tu, akazitoa nyasi zilizoshindiliwa ndani, akaifunga mwenyewe.

Jumapili walikwenda kanisani, kengele mbele, mzee nyuma. Siku nyingine Kyoma alilala uani, na kengele ilikuwa kimya muda wote, maana hapakuwa na cha kukuna. Ililia kwa jambo moja tu: Kokuhirwa alipotokea jikoni na sahani, au na ndoo, au mikono mitupu. Mbwa aliinuka upesi na kuhamia upande wa pili wa mzee.

Ko-ko-ko.

"Ni wewe, Kokuhirwa?" mzee aliuliza, kabla hajasalimiwa.

"Ni mimi, Tata."

Ikawa hivyo kila siku. Hakulalamika. Jumamosi, saa ambayo zamani ilikuwa ya kupanda rweya, alianza kuja na kipande cha nyama, akaketi kwenye udongo mtupu, mbali kidogo, akaunyoosha mkono na kuutuliza hapo. Kengele ililia, ikanyamaza. Mzee aligeuza sikio. Wote watatu wakakaa hivyo, wakisikiliza kama italia tena.