Gemu ya Mama Mdogo

Msusi alikuwa akimsuka binti yake, aliyerudi asubuhi hiyo kutoka kwa baba yake, na mtoto hakuinua macho kutoka kwenye simu.

"Tumetengeneza gemu, mimi na mama mdogo. Wala huandiki maandishi ya kompyuta. Unavuta picha kwa kidole, halafu unachagua: msichana wa kwenye gemu akigusa nyota, aruke."

Mama mdogo alikuwa mke mpya wa baba. Ndani ya gemu alisimama juu ya ngazi, akitabasamu, akimgawia mioyo ya uhai yule msichana akichoka. Msusi aliona wivu. Akakaza nywele.

"Mama, unaniumiza!"

"Pole, mwanangu." Akalegeza mkono. "Na mimi niko wapi?"

Mtoto alimwelekezea simu. Kisha akampiga picha na kuivuta hadi kwenye nyumba ambako mchezo unaanzia. "Kaa hapa. Msichana akifa, anarudi kwako."

Msusi alijitazama kwenye kioo cha simu, chanuo mkononi, moyo umelainika kidogo tu.

"Na yule wa juu," akauliza, "hawezi kushuka ngazi mbili tatu?"

Binti akacheka, akakataa katakata.