Transfoma ya Langoni kwa Qiuyun

Jioni ya mkesha wa mwaka mpya Qiuyun alifunua sufuria ya umeme akakuta mchele umelala chini, maji juu, na hakuna hata povu. Taa ya mezani ilikuwa nyekundu kama chai iliyochacha. Watu walikuwa wamerudi kijijini kutoka viwandani Guangdong, kila nyumba imewasha hita, na yeye nyumba yake ilikuwa ya mwisho kwenye waya.

Marehemu mama mkwe wake alipita langoni saa zake zilezile za kila mwaka, amevaa koti alilozikwa nalo. Akachungulia, akasonya, akaenda kula kwa Meizhi, mke wa mwanawe mdogo. Huko taa zilikuwa zinawaka pwaa, maana transfoma ilikuwa ubavuni mwa nyumba hiyo.

Wivu ulimkaba Qiuyun. Bibi yule alipopooza, nani alimwogesha? Nani alimlisha uji kijiko kwa kijiko? Meizhi alikuwa akija sikukuu na machungwa, anapiga picha, huyoo kaondoka. Na transfoma yenyewe mafundi walitaka kuiweka hapa kwake. Yeye ndiye aliyekataa katakata, kwamba nguzo mbele ya lango inazuia baraka.

Asubuhi Meizhi alileta keki za mchele.

"Dada, mama jana kala mpaka kajilamba vidole. Kwako hakupita?"

"Atapitaje na giza hili? Umeme wote mnaunyonya nyie."

"Si ulikataa mwenyewe?"

"Toka na keki zako!"

Qiuyun aliwasumbua watu wa umeme mpaka wakamchoka. Fundi Ou akaja wakati wa kupika, akachomeka kipimo ukutani.

"Mama, huu si umeme, huu ni uvumi. Waya unazunguka kijiji kizima kwanza, kwako unafika hoi."

"Upandishe kulekule unakotoka."

"Nikiupandisha kule ukufikie wewe, taa za Meizhi zitapasuka."

"Zipasuke."

Ou alicheka. Qiuyun hakuwa anatania.

"Dawa ni transfoma nyingine, hapa karibu," Ou alisema.

"Iweke langoni."

"Na baraka?"

"Langoni, nimesema!"

Mkesha wa mwaka uliofuata taa za Qiuyun zilimwaga mwanga hadi barabarani. Alivaa sweta jipya, akapika nyama ya moshi kwa pilipili, ile bibi aliyokuwa akiiomba hata siku alizoshindwa kutafuna, akaenda kusimama langoni.

Mama mkwe akaja. Alisimama chini ya transfoma, vifungo vya koti vyote vinaonekana.

"Karibu, mama. Mwaka huu njia si inaonekana?"

"Inaonekana," bibi alisema. "Hata mwaka jana ilionekana."

Akamuuliza kama Meizhi amepika samaki. Qiuyun akajibu kwamba amepika, harufu aliisikia tangu mchana. Bibi akashukuru, akashika njia. Taa zilikuwa nzuri mno, na Qiuyun alimwona vizuri hatua zote, mpaka Meizhi akamfungulia mlango.