Hujuma ya Fulana Mia na Ishirini

Itangazwe kwa wakubwa na wadogo, kwa waliopo na waliotoroka, kwamba siku ya Alhamisi, saa tatu na dakika kumi asubuhi, katika chumba cha ushonaji kilicho juu ya duka la rangi, iligunduliwa hujuma ambayo historia ya mavazi haijapata kuiona. Fulana mia na ishirini zilikutwa hazina lebo shingoni. Hakuna aliyeumia. Hata fulana zenyewe zilikuwa salama salimini.

Aliyezishona ni Fundi Rula, mwanamke wa miaka arobaini na sita, aliyebandikwa jina hilo kwa sababu hupima kitambaa mara mbili kwa rula ya chuma, na akikatizwa katikati huanza upya bila kununa. Ana usonji. Daktari alimwambia hivyo akiwa na miaka thelathini na minane. Wengine walimpa pole. Yeye alirudi kazini akamaliza suruali ya mteja huku akiimba, maana hatimaye alijua kwamba hakuwa mkaidi wala mwenye kiburi, kama alivyoambiwa tangu shule ya msingi.

Fulana zilikuwa za chama cha usonji, kwa ajili ya matembezi ya Jumamosi. Mwenyekiti wa chama, muuguzi mstaafu mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima, ndiye aliyeleta oda pamoja na bahasha ya lebo ngumu za nailoni zenye jina la mfadhili. Fundi Rula alizipapasa akasema zitakwaruza. Kwa watu wengi hiyo ni kero ndogo. Kwake yeye na wenzake wengi ni kama kuvikwa kiwavi shingoni. Mwenyekiti akajibu kwamba mfadhili ni mfadhili. Basi Fundi akazishona zote kwa unadhifu uleule, maana oda ya mteja haichezewi.

Lakini ugomvi wao mkubwa haukuwa lebo. Ulikuwa orodha. Kila mwaka chama huupelekea mfuko wa utafiti orodha ya mambo yanayofaa kuchunguzwa, na mfuko hutoa fedha kwa kuifuata. Ya mwaka huu ilikuwa na mambo tisa, na yote yalihusu damu, vinasaba na ubongo wa mtoto mchanga. Mtu mzima hakuwamo hata kwa bahati mbaya. Fundi Rula alimwandikia mwenyekiti barua tatu, kwa mwandiko unaodhaniwa umechapwa, akieleza kwamba watoto wenye usonji wana tabia ya kukua. Wanatafuta kazi, wanakosa usingizi, wanazeeka, wanafika kwenye hospitali zenye kelele na kushindwa kueleza wanaumwa wapi. Hakujibiwa hata moja. Na Alhamisi hiyo, saa sita mchana, orodha ilikuwa inapelekwa.

Mwenyekiti alikuja kuzichukua fulana, akafungua boksi la kwanza, la pili, la tatu. Kisha akakaa juu ya la nne.

"Fundi, umenifanyia nini?"

"Sijafanya kitu. Nilimaliza Jumanne. Jana mchana nilipeleka mapazia hotelini, zikafumuliwa nikiwa sipo."

"Na nani?"

"Sijui."

Mpwa wake Fundi, binti wa shule ya bweni aliyekuwa likizoni, mwenye adabu na haya za kupigiwa mfano, alikuwa kwenye kona akipanga vifungo kwa unyenyekevu mkubwa.

Mwenyekiti alisema mengi, na wauza rangi wa chini waliyasikia yote. Fundi Rula alikuwa ameibana rula kwa mikono miwili, kama afanyavyo sauti zikizidi. Mtu mwingine angelia au angeomba radhi kwa kosa lisilo lake. Yeye alingoja sauti ipungue, akainua fulana moja kwenye mwanga wa dirisha, akasema tu kwamba sasa zinavalika. Kisha akauliza, "Mwanao huvaaje fulana?"

Mwenyekiti alikuwa na kijana wa miaka ishirini na miwili, naye ndiye aliyemfanya aanzishe chama.

"Huigeuza ndani nje," akasema. "Tumegombana asubuhi zote tangu ana miaka minne."

"Ulimuuliza kwa nini?"

"Fundi, unajua haongei."

"Akiigeuza, lebo inakuwa nje. Na mishono. Amekujibu asubuhi zote."

Mwenyekiti akaichukua ile fulana, akasugua shingo yake kwa kidole gumba, taratibu, kwa muda mrefu. Wenye sauti kubwa ni nadra kukubali kukosolewa. Yule mama alikubali, na kwa hilo apewe haki yake. Alitoa orodha kwenye mkoba na kuuliza afute nini.

Hapo ndipo wengi wangelipiza kisasi cha zile barua tatu. Fundi Rula alisema asifute utafiti wa kifafa, uliokuwamo kwenye yale ya ubongo. Rafiki yake, fundi saa, ana usonji na kifafa pia, na aliwahi kumwambia bila kumung'unya, "Wewe lebo inakuwasha, mimi ubongo unanizima." Kwa hiyo asingeweza kuwasemea watu wote; ndiyo maana wanatakiwa waulizwe wengi. Aliomba nafasi tatu za mambo ya watu wazima, na viti viwili kwa wenye usonji katika kamati inayochagua. Walivutana kila neno. Akapata nafasi mbili na viti vyote viwili, na ikakubaliwa jina la mfadhili lipigwe kwenye fulana kwa mhuri wa wino.

Mwenyekiti alipoondoka, Fundi alirudi dirishani kukagua matundu ya sindano. Kila shingo ilikuwa imeanzwa kufumuliwa kutoka kushoto. Akageuka, akamtazama mpwa wake, ambaye mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika kifungo.

"Niliulizwa ni nani, nikasema sijui. Sasa najua."

Mpwa akasihi wangoje saa sita ipite, mwenyekiti asije akakasirika na kufuta nafasi zote mbili. Fundi Rula alikuwa amezingoja nafasi hizo miaka mingi kuliko umri wa aliyemsihi. Hata hivyo alibonyeza namba ya mwenyekiti, akamkabidhi mpwa simu. Alisema hataki kiti alichokipata kwa kuficha jambo.

Nami, kwa kuwa hakuna tena pa kujificha, nakiri kwamba mpwa huyo ni mimi, na zile sifa za adabu nilijipa mwenyewe. Nilimwambia mwenyekiti kila kitu. Akasema orodha ameshaikabidhi dakika kumi zilizopita, nafasi mbili zimo, na kwamba nina moyo wa kumpigania shangazi yangu namna ile.

Ningeiachia hapo. Ila Shangazi alikuwa amesimama mbele yangu, anasikia.

"Hapana, mama," nikasema. "Wiki iliyopita, ulipokuja hapa, ulisema shule yetu inafuga wavivu. Nilitaka tu kuuona uso wako ukivimba."