Harufu ya Ndagala katika Mercedes

Nilikuwa nimechomeka pua katika kiti cha nyuma cha ile Mercedes nyeusi, kiwiliwili ndani, miguu nje, na suruali yangu ya garaji imewageukia watu wote wa uani. Sikujali. Gari haikaguliwi kwa adabu. Ukitaka kuijua, iinamie, ipapase, inuse mpaka watu wakucheke.

Nyuma yangu mwenye gari, parrain wangu Papa Floribert, aliyenisimamia siku ya ubatizo, alikuwa akiisifu kama mtu anayeoza binti.

"Ngozi ya kweli, Gisèle. Muntu akikaa humu, kiti cha mbao atakikataa!"

Leo watu wananiletea magari mpaka kutoka Kongolo, na sisemi hivyo kwa kujivuna; basi, kidogo kwa kujivuna. Lakini kati ya magari yote niliyowahi kukagua, nalikumbuka lile kuliko mengine, kwa sababu ya Daniella. Tulisoma pamoja Mpala. Baba yake alipofariki aliwaachia mtumbwi wenye mota, na mtumbwi huo ndio ulikuwa unalisha nyumba nzima, mama na wadogo zake wote. Daniella aliuuza. Alitaka gari moja tu la maana, la kukodishia maharusi wa Kalemie, kwa sababu hapa kwetu bibi harusi bado anapanda jeep ya kuazima. Akikosea gari, hakuna mtumbwi wa kurudia. Ndiyo maana aliniita.

Na gari, niseme ukweli, lilinipendeza. Injini iliitika mara moja. Tulipanda nalo kilimani na kushuka, halikukohoa hata kidogo. Daniella alikuwa ameshaanza kutabasamu, amekumbatia mkoba wake.

Halafu ile harufu. Juu kulikuwa na marashi, mengi mno, na chini ya marashi kulikuwa na ndagala, wale dagaa wa ziwani.

"Parrain," nikauliza, kichwa bado ndani, "mulikuwa munabebaga ndagala katika gari hii?"

"Aka! Ndagala? Katika Mercedes? Uko na wazimu?"

Aliudhika kweli, na nilimjua vya kutosha kuona kwamba hadanganyi. Hilo ndilo lililonitatiza. Kama samaki hawakuletwa kwenye kiti, basi kiti ndicho kilipelekwa kwa samaki. Nikaviona akilini vile vichanja vya ufukweni ambako akina mama wanaanika ndagala wao juani. Ni nani anafungua viti vya Mercedes akaenda kuvianika kwenye vichanja, kama havikulowa chapa chapa?

Nikashika mkanda wa kiti nikauvuta wote, mpaka mwisho ambao hakuna mtu anayeufikia. Kipande cha mwisho kilikuwa kikavu, kigumu, cha rangi ya matope. Mwaka ule ziwa lilipopanda, nyumba ya Papa Floribert kule chini ililiwa na maji mpaka madirishani. Kuku wake tuliwahamisha kwa mtumbwi. Habari za gari hakuwahi kutuambia.

Gari kama hili likishakunywa maji halifi siku ile. Nyaya zake zinaoza polepole, huku linawaka vizuri na kung'aa. Halafu siku moja linazimika mlimani, breki zinakuwa nzito, milango inakataa kufunguka, na bibi harusi yumo ndani.

Kwetu parrain hapingwi mbele za watu. Ukiwa na neno, unaenda kwake siku nyingine, na soda mkononi, unazunguka kwanza kwa habari za wagonjwa na za mvua. Na huyu hakuwa parrain wa jina tu. Baba yangu alipokataa binti yake achafuke mafuta, ni yeye aliyenishika mkono akanipeleka garaji. Lakini Daniella alikuwa ameshafungua mkoba. Siku nyingine haikuwepo.

Wakati huo akatoka Chancelle, kitinda mimba wa Papa Floribert, na sahani ya karanga. Tangazo la ndoa yake lilikuwa limesomwa kanisani Jumapili iliyotangulia. Nikapiga goti kidogo, kama inavyompasa mtoto wa ubatizo.

"Parrain, ninaomba kitu kimoja. Daniella asilichukue leo. Chancelle ndiye apande wa kwanza, siku ya harusi yake, yeye na bwana yake, mpaka Kabimba kwa wakwe. Wakirudi salama, Daniella atanunua."

"Oh, Papa!" Chancelle akaruka, karanga zikamwagika. "Sema ndiyo!"

Papa Floribert akamtazama binti yake. Akalitazama gari. Akatoa kitambaa mfukoni, akajipangusa uso, akakirudisha, akakitoa tena. Barabara ya Kabimba tunaijua sote, na milima yake, na ziwa chini.

"Chancelle atapanda pikipiki," akasema.

Daniella alifunga mkoba wake taratibu. Chancelle alibaki amesimama na sahani, haelewi, macho yamemjaa machozi, na mimi nikainama kuokota karanga ili nisimwangalie baba yake usoni. Nilimpenda mzee yule saa ile kuliko siku zote za maisha yangu. Angeweza kusema ndiyo, na pesa za mtumbwi zingekuwa zake.

Mpaka leo nikikutana naye sokoni ninamsalimia kwa mikono miwili.